Mchawi na dari la kuzaliwa

Leo historia ya mchezo wa mezani, Dungeons & Dragons.

Ulipotoka Marekani mwaka 1974, asili yako ndiyo ilikuamulia. Binadamu alipanda uchawi bila kikomo. Elfi aliishia ngazi ya 8. Mbilikimo? Upanga tu, uchawi marufuku! Eti ndiyo mizani, maana elfi alipewa fani mbili, upiganaji na uchawi. Mizani gani hiyo jamani? Mwanzoni elfi anatamba, mbele ya safari anageuka abiria.

Toleo la 2000 likavunja dari. Ila lile la 2014 likampa gnomu pointi 2 za akili, basi mwenye kutaka mchawi anajua pa kukimbilia. Mwaka 2024 pointi zikahamia kwenye malezi na kazi ya zamani ya mhusika.

Sisi tunaosomea ualimu hilo tunalijua. Enzi za Mwingereza Kariakoo ilikuwa ya Waafrika, Uzunguni kwingine, na shule zikatengwa kwa rangi hadi sheria ikafuta kuanzia 1962. Dari la kuzaliwa halipimi akili, linaificha tu. Au mnasemaje?