Herufi Moja, Baiti Mbili

Dennis Ritchie alipobuni lugha ya C katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, herufi ilihesabiwa kuwa baiti moja. Amri ya getchar husoma baiti moja moja, lakini hurejesha namba iliyo pana zaidi, ili alama ya mwisho wa matini isichanganywe na herufi yoyote. Kiswahili cha hati ya Kilatini kilienea humo bila taabu, hata ng' na kibainishi chake. Hati ya Kiarabu, iliyohifadhi tenzi za pwani kwa karne kadhaa, ni habari nyingine. Katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, herufi be ni baiti mbili. Getchar huisoma nusu nusu. Nyongeza ya mwaka 1995 kwenye kiwango cha C ilileta getwchar, isomayo herufi nzima, mradi programu iwe imearifiwa kwanza mfumo wa maandishi unaotumika. Sharti ambalo wahariri wa miswada hulisahau kwa urahisi mno.