Namba ya basi ni historia, tuisome kabla ya kupanda

Najua nimeadimika, ila mwenye UE mlangoni na bumu lililoisha tarehe 10 atanielewa. Leo naweka kiporo cha historia, maana chumbani kwetu kuna ubishi usioisha. Mshikaji mmoja wa Geita anadai kila basi lina mkoa wake, na mkoa huo unasomeka kwenye namba. Mimi wa Kahama nikasema hapana. Basi wacha nieleze kirefu, ili na nyie wa vyumba vingine mfaidike.

Tuanze na namba zenyewe. Wazee wetu wanakumbuka namba zilizoanza na TZ, halafu labda herufi nyingine, halafu tarakimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mtindo tunaoujua: T, tarakimu tatu, herufi tatu. T ni Tanzania, basi. Si Tabora, si Tanga. Zanzibar wana Z yao, na usajili wao uko mbali na wa bara. Huku bara anayesajili ni TRA, mamlaka iliyoanza kazi Julai 1996, na inagawa namba kwa foleni moja ya nchi nzima. Gari la Shinyanga likisajiliwa leo, linalofuata linaweza kuwa la Mtwara. Hakuna mkoa humo ndani. Ujerumani kweli wanaweka mji, B ni Berlin na M ni Munich. Sisi tumeweka foleni.

Na hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Foleni ikiwa moja, herufi ya kwanza kati ya zile tatu inageuka kuwa kalenda. Ndiyo maana mtaani watu wanasema "gari namba C", "gari namba D", na bei inapanda au kushuka kwa herufi hiyo. A zilikwisha, zikaja B, C, D, na sasa barabarani kuna E. Tupige hesabu kidogo, walimu wa baadaye. Herufi mbili zinazofuata, hata zote 26 zikitumika, zinatoa mipangilio 676. Zidisha kwa tarakimu 999, unapata 675,324. Kwa hiyo herufi moja ya mwanzo haiwezi kubeba zaidi ya magari hayo. Kila herufi ikiisha ujue nchi imeongeza magari kwa malaki. Hata bajeti zimeandikwa humo humo: ile ya 2016/17 ilipandisha ada ya kusajili gari kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000, na anayetaka jina lake badala ya namba akapandishwa kutoka milioni 5 hadi milioni 10.

Ila tusidanganyike. Herufi inasema gari liliingia lini kwenye daftari la TRA, haisemi lilitengenezwa lini. Gari lililochoka Japani miaka kumi na tano linaweza kuwa namba E. Kwa mabasi ni zaidi, maana kwa miaka mingi mabasi mengi ya mikoani yalijengewa bodi hapa hapa nchini, mengine juu ya chesisi ya lori. Bodi ikichoka inavuliwa, inavalishwa nyingine, rangi mpya, viti vipya, namba ile ile. Umri wa kweli uko kwenye kadi ya gari na kwenye namba ya chesisi, ile ndefu ya herufi na tarakimu 17, ambayo kimataifa haina I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0.

Sasa turudi kwetu. Tuseme tungeweka mikoa kwenye namba. Basi la Bukombe la mwaka 2010 lingeandikwa Shinyanga. Machi 2012 ukazaliwa mkoa wa Geita: Bukombe ikatoka Shinyanga, Geita yenyewe ikatoka Mwanza, Chato ikatoka Kagera. Wakati huo huo Bariadi, Maswa na Meatu zikaondoka Shinyanga kwenda Simiyu. Basi lile lingeamka asubuhi likiwa la mkoa mwingine bila kuwasha injini! Mipaka yetu inahama, namba haihami. Basi likiuzwa, mwenye mali mpya anapaka jina lake ubavuni, lakini T yake inaenda nayo.

Na ile namba nyingine inayoandikwa ubavuni? Hiyo ni ya kampuni, haiko kwenye daftari la serikali. Ukikaa barabara ya Geita au ya Bulyanhulu utaelewa haraka. Land Cruiser za migodini zina namba mbili: ya TRA kwenye bampa, na nyingine kubwa ubavuni, ya mgodi. Hiyo ya pili ndiyo inayoitwa kwenye redio, ili dereva wa dampa kubwa ajue nani yuko nyuma yake. Dampa lenyewe halitoki shimoni kuja lami, kwa hiyo kazi yake inaenda kwa namba ya kampuni tu. Makampuni ya mabasi nayo hufanya hivyo: kila basi linapewa namba au jina lake ili ofisi ijue lipi liko njiani na lipi liko gereji. Nzuri kwao, ila kesho inaweza kufutwa kwa kopo moja la rangi.

Rangi nayo isomeni. Kibao cheupe ni gari la biashara, cha njano ni binafsi. Kwetu kuna michomoko, zile Probox zinazojaza watu mpaka kwenye buti. Mchomoko wenye kibao cha njano unakusafirisha kama shemeji wa dereva. Likitokea la kutokea, bima ya gari binafsi haikutambui wewe uliyelipa nauli. Tunapanda kwa sababu ya haraka, najua, lakini tupande tukijua.

Mama yangu hajui lolote kuhusu foleni ya TRA. Ila kila nikisafiri swali lake ni moja: "Umepanda gari gani? Nitumie namba." Zamani niliona ni usumbufu wa wazazi. Siku hizi nasikiliza redio vizuri. Ajali ikitangazwa wanataja jina la kampuni, halafu "lenye namba za usajili". Kampuni moja inaweza kutoa mabasi matatu siku moja, njia moja, jina moja, rangi moja, mpaka njia panda ya Tinde yamefuatana. Jina la kampuni linawaliza ndugu wa abiria wa mabasi yote matatu. Namba ndiyo inayowaambia nani apumue na nani akimbie hospitali. Mzazi asiye na namba anabaki kupiga simu isiyopatikana, kumbe mtoto amelala tu na chaji imeisha.

Kwa hiyo wasomi wenzangu mnaoshuka likizo Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro: tiketi iwe na namba, na ilingane na ya kwenye bampa. Basi likiharibika mkahamishiwa jingine, tuma namba mpya, usingoje ufike. Meseji ni ya sekunde tano.

Nawatakia maandalizi mema ya UE na safari njema baada ya hapo. Tuko pamoja.