Masizi Hayataji Kwao

Nimefanya kazi maabara ya maji tangu ujana, nikichuja maji ya mito na visima, na kila nikiona chujio limegeuka rangi lazima niulize uchafu ule umetoka wapi. Ndiyo maana habari za masizi kwenye theluji ya kaskazini zimenikaa moyoni.

Zilianza zamani. Mwaka 1881 mwanajiolojia wa Norwei, W. C. Brøgger, aliandika juu ya theluji chafu iliyoanguka nchini kwake, akanyoosha kidole kwenye miji ya viwanda ya Uingereza. Miaka miwili baadaye mpelelezi Adolf Erik Nordenskiöld alikuta juu ya barafu ya Greenland vumbi laini la kijivu, ambalo likilowa huwa jeusi. Yeye alidhani kwamba baadhi yake limeshuka kutoka anga za mbali.

Katika miaka ya 1950 marubani wa Marekani waliokuwa wakipima hali ya hewa kutoka Alaska walikuta utando wa ukungu mahali palipopaswa kuwa na hewa safi kuliko kote. Wanasayansi Kenneth Rahn na Glenn Shaw walipokusanya chembe za ukungu huo katika miaka ya 1970, walitangaza kwanza kwamba ni vumbi la majangwa ya Asia. Kisha sampuli za majira ya baridi zikaonyesha vanadi, metali inayotoka mafuta mazito yanapochomwa. Rahn akaacha hoja yake ya kwanza, akafuata vipimo. Namheshimu sana kwa hilo. Alilinganisha manganizi na vanadi, kwa kuwa moshi wa kila eneo una uwiano wake, na uwiano ukaelekeza Ulaya na Urusi ya Kisovieti.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kaboni ya kuni na kaboni ya makaa ya mawe zikishafika kwenye chujio ni nyeusi zote. Ni kama mgeni asiyetaka kusema kwao: utamjua kwa aliofuatana nao. Mwanasayansi Joseph McConnell na wenzake walisoma barafu ya Greenland iliyochimbwa kwa keekee, tabaka baada ya tabaka. Penye asidi ya vanili palikuwa na moshi wa misitu ya misonobari. Penye salfa, moshi wa viwanda. Walichapisha mwaka 2007 kwamba tangu 1850 hivi viwanda viliongeza masizi mara saba, na kwamba athari yake kwenye theluji ilifika kilele kati ya 1906 na 1910. Makaa ya mawe ya enzi za mababu zetu bado yako pale, kila mwaka na mstari wake.

Kazi ninayoielewa kwa mikono ni ya watafiti Sarah Doherty, Stephen Warren na wenzao, waliochukua theluji kutoka Alaska, Kanada, Greenland, Urusi na kwingineko, sampuli zipatazo 1,200. Theluji huyeyushwa haraka, kwa sababu maji yakikaa, masizi hunata kwenye kuta za chombo. Hupitishwa kwenye chujio lenye vitundu vya mikroni 0.4, likabaki duara la kijivu. Pale pale kambini hulinganishwa kwa macho na machujio ya kipimo, ndipo baadaye lipimwe kwa mwanga. Theluji ya Greenland ilikuwa safi kuliko zote: nanogramu chache tu kwa gramu.

Mwenzao Dean Hegg alipochambua kemikali zilizoandamana na masizi hayo, mwaka 2009, mhusika mkubwa hakuwa kiwanda. Isipokuwa karibu na Ncha ya Kaskazini, sehemu kubwa ilitokana na mimea inayoungua: misitu, nyasi na mabaki ya mazao. Nyasi na mabua huchomwa sana wakulima wanapoandaa mashamba baada ya baridi, jua linaporudi juu ya theluji ambayo, ikiwa safi, hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wake; masizi huipunguzia uwezo huo. Anayetaka kupunguza weusi huo aende pia kuzungumza na wenye mashamba, kabla hawajawasha kiberiti.