TUNAKWENDA KILWA: TUTALALA WAPI, NA TUTAONA NINI?



Kina mama wa darsa letu la Jumamosi hapa Babati wameanza kuchangishana nauli. Mwezi wa nane, mahindi yakishauzwa, wanataka kwenda kuuona mji wa kale wa Kilwa Kisiwani. Juzi wamenitumia ujumbe wa sauti: "Ustadh, tutalala wapi, na tukifika tutaona nini?" Nilitaka kujibu kwa maneno mawili, nikaona nina deni la zamani juu ya mji huo, na leo nalilipa hapa hapa mbele yenu.

Kwanza njia. Siku ya kwanza tunashuka Kondoa, Dodoma, hadi Dar es Salaam, tunalala huko. Asubuhi tunapanda basi la kusini kutokea Mbagala, tunavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na pale Nangurukuru tunaiacha barabara ya Lindi na kuingia kushoto hadi Kilwa Masoko. Tutalala Masoko, kwenye nyumba za wageni za kawaida, na kisiwani tutavuka asubuhi kwa mashua. Kibali kinakatwa Masoko kabla ya kuvuka. Kisiwani kuna kijiji na watu wanaishi, kwa hiyo mavazi ya heshima na salamu kabla ya kupiga picha.

Hayo ya kulala yamekwisha. Lakini zamani mgeni alilala wapi?

Mnamo mwaka 1331, sawa na 731 Hijria, alipita pwani yetu Ibn Battuta, mtu wa Tangier, mwanachuoni aliyekuwa safarini tangu mwaka 1325. Alianzia Mogadishu, na ameeleza desturi ya huko vizuri sana. Jahazi likitia nanga, vijana walipiga makasia kulifuata, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara hulala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye humuuzia na kumnunulia. Msomi hakupelekwa kwa mfanyabiashara. Alipelekwa kwa sultani. Ibn Battuta akawekwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na embe. Mama zangu, mnaona chakula hicho hamkukigundua nyinyi.

Kutoka huko akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akashuka Kilwa, mji uliokuwa umeshika biashara ya dhahabu ya Sofala. Sultani wake alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani mtu wa vipawa, kwa wingi wa kutoa. Watu wa mji, anasema, walikuwa wacha Mungu, wa madhehebu ya Shafi, kama tulivyo wengi wetu hapa. Sultani alikaa na mafakiri, akala nao, na masharifu walimjia kutoka Hijazi na Iraq wakapokewa.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Siku ya Ijumaa sultani alitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Akarudi ndani ya nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, akamwita yule fakiri aingie azichukue. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akaondoka. Watu wakamsifu sana sultani.

Kisa hiki nilikisimulia Ramadhani moja, miaka kadhaa iliyopita, katika mawaidha baada ya Tarawehe. Nilikisimulia vizuri, wazee wakalia. Nikamalizia kwamba mwana wa sultani alizikomboa zile nguo kwa fakiri, akampa zawadi kubwa badala yake, na sultani aliposikia akaongeza zawadi nyingine. Tulipotoka nje, kijana wa kidato cha tatu alinifuata kwenye viatu. "Ustadh, zawadi yenyewe ilikuwa nini?"

Nilijua. Nilimjibu, "Mali." Nikavaa viatu nikaenda zangu.

Zawadi ilikuwa watumwa kumi. Na sultani alipoongeza, aliongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Imo katika ukurasa ule ule wenye zile nguo. Watu ishirini walitolewa siku ile, na hakuna hata mmoja aliyetajwa jina.

Walitoka wapi? Ibn Battuta hafichi. Sultani alikuwa akiwavamia Wazanji wa bara, akiteka ngawira, na kutoa khumsi yake, moja ya tano, akaiweka katika hazina ya pekee. Masharifu wakija anawapa kutoka humo. Yaani ukarimu ule wote wa kumpokea mgeni, sahani, malazi na zawadi, sehemu yake ililipwa na watu wa bara waliofungwa kamba.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa bara. Sisemi kwamba watu wale walitoka Babati. Kilwa ni mbali, na mashambulizi yale yalikuwa katika nchi za nyuma ya pwani ile. Ila nikikaa hapa chini ya Kwaraa na kukisoma kisa kile, kwa rangi na kwa nchi mimi sifanani na yule sharifu wa Hijazi, nafanana na wale ishirini. Na dini ninayoifundisha ilipanda hadi Kondoa na hadi hapa kwa njia za misafara iliyotoka pwani. Vyote viwili ni vya kwangu. Nilichagua kimoja na kukificha kingine, tena mbele ya mtoto aliyeuliza kwa adabu.

Najua kwa nini nilificha. Mji wetu ni wa dini mbalimbali, na vijana wetu shuleni wanaposomeshwa habari ya utumwa hugeuziwa macho darasani. Basi sisi walimu tukaona tuwape kinga: tuwaambie habari za Wareno. Na ni kweli, mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa ilipe dhahabu, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliivamia, mji ukaporwa. Lakini ukiendelea kufungua kurasa utakuta mwaka 1776: mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Mnunuzi alikuwa Mfaransa. Muuzaji alikuwa Mwislamu. Karne iliyofuata bandari ya watumwa ikawa Kilwa Kivinje, mtakayoipita jirani, na misafara ilishuka hapo kutoka pande za Ziwa Nyasa. Kinga ya namna hii inatoboka mtoto akifika maktaba.

Suratul Balad imetaja njia ngumu ya kupanda, na jambo la kwanza lililotajwa humo ni kumwacha huru mtumwa. Al-Hasan bin Sulaiman aliijua sura hiyo. Tarikh ya Kilwa inasema ujanani alikaa Aden miaka miwili akisoma. Simhukumu, ameshakwenda kwa Mola wake, na upole wake kwa maskini Ibn Battuta aliuona kwa macho. Alipofariki, nduguye Daud aliyemrithi akawa kinyume chake: waombaji wakija huwaambia aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa mlangoni miezi mingi wakapata kidogo. Kwa hiyo si kila mtawala alikuwa mkarimu, na sifa ya al-Hasan ilikuwa ya kweli. Mimi nasema tu kwamba sifa ile haikufika kwa wale ishirini.

Sasa tutaona nini?

Mashua itashusha karibu na Gereza, ngome ya mawe iliyo ufukweni. Wareno walijenga hapo mwaka 1505 wakaondoka mwaka 1512. Ngome mnayoiona sasa ni ya Waarabu wa Oman, ya miaka ya 1800 hivi. Msikae sana hapo. Nendeni Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 na 12. Ule msitu wa nguzo na kuba upande wa kusini ni upanuzi ulioanza enzi za al-Hasan na kujengwa upya karne ya 15. Angalieni mihrabu: imechongwa kwa matumbawe, na matumbawe huchongwa yakiwa bado mabichi, yametoka baharini, kabla hayajawa magumu. Kisha kuna msikiti mdogo wa kuba, ambao kwa macho yangu ndio mzuri kuliko yote, na kasri la Makutani.

Mwendo wa miguu kuelekea mashariki, juu ya jabali la bahari, ndipo lilipo jumba la al-Hasan, Husuni Kubwa. Vyumba vyake vinazidi mia moja, kuna ngazi za kushukia baharini, na kuna birika la kuogea lenye pande nane. Wataalamu wanaona jumba lile huenda halikumalizwa. Kina mama wanaochota maji wataliangalia birika lile kwa jicho tofauti na la watalii. Simameni hapo mjiulize lilijazwa na nani.

Na mkisikia mwongozaji anasema fedha za shaba za Kilwa zimeokotwa hadi Australia, hadanganyi. Mwaka 1944 zilipatikana tano katika kisiwa kimoja kaskazini mwa nchi ile, na nyingine, yenye jina la huyu huyu al-Hasan, ilipatikana Great Zimbabwe. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ukawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, ukatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kwa hiyo msipande juu ya kuta.

Mimi nitafuatana nanyi, insha'Allah. Tukifika Msikiti Mkuu nitakisimulia tena kisa cha zile nguo, hapo hapo nje ya mlango, na safari hii nitawahesabu wote ishirini. Yule kijana sasa anafanya kazi Dodoma. Nimempigia simu nikamwomba radhi, na amesema atapandia gari letu pale stendi.

Michango ipelekwe kwa mweka hazina wa darsa kabla ya mwisho wa mwezi wa saba. Mwenye wagonjwa wa kutapika njiani aseme mapema akae mbele.

Wallaahu aalam.