Picha Iliyoviringishwa

Dada yangu alipoolewa Uingereza, mama aliniagiza nimpelekee picha ya tingatinga iliyokuwa sebuleni kwetu. Ilichorwa kwenye kitambaa. Niliiviringisha, upande wa rangi ukiwa ndani ili usichubuke, nikaibana ikawa nyembamba kama mwanzi, nikaifunga kamba na kwenda nayo posta. Kufika ilifika. Ila dada alipoikunjua, rangi ilikuwa imepasuka mistari mistari, na jicho la chui likadondoka. Mama hakuambiwa. Mimi niliambiwa.

Kwa hiyo habari za Guernica nilizisoma kama msomaji wa kesi yake mwenyewe. Picasso aliichora Paris mwaka 1937, baada ya ndege za Kijerumani na Kiitalia kuupiga mabomu mji huo wa Wabasque. Kimo chake ni mita 3.49, upana mita 7.77. Kitu cha ukubwa huo hakisafiri kikiwa kimenyooka. Kila safari ilikuwa ni kung'oa misumari, kuviringisha, kukunjua na kugongomea upya. Ikaenda Norway, ikaenda London, mwaka 1939 ikafika New York. Huko nako haikutulia: ilizungushwa miji ya Marekani, kisha katika miaka ya 1950 ikapelekwa Milan, São Paulo na kwingineko. Mwaka 1957 ilibidi ipakwe nta na utomvu mgongoni ili rangi isiendelee kubanduka.

Mafundi wa makumbusho huviringisha picha kwenye pipa pana, rangi ikiwa nje. Rangi iliyo ndani hubanwa ikainuka. Iliyo nje huvutika kidogo, na picha ikinyooshwa hurudi mahali pake. Laiti ningalijua! Lakini hata pipa pana lina hesabu yake, nayo Guernica ilikuwa imeimaliza.

Mwaka 1981 iliviringishwa tena, ikarudishwa Hispania. Wabasque walipoiomba kwa ufunguzi wa jumba la Guggenheim la Bilbao, mwaka 1997, Madrid ilikataa. Wengi waliona siasa katika jibu lile, na pengine ilikuwamo. Wenye maiti walikuwa wao, na picha wakanyimwa, hilo linaniuma. Hata hivyo, ningekuwa mimi mwenye ufunguo, nisingeitoa.

Mama amekwisha fariki. Mwaka jana dada aliniuliza kama airudishe ile picha nyumbani, akaniomba nimweleze namna ya kuifunga. Nikamwambia aiache ukutani.