Mlango wa Kutokea: Waingereza na Umoja wa Ulaya

Wako watu wadhanio kwamba kazi ngumu katika umoja wa mataifa ni kuingia, na ya kuwa kutoka ni jambo jepesi, mfano wa mtu aagaye barazani akajiendea zake. Habari za Uingereza zatufundisha vingine. Nchi ile ilianza kubisha hodi mwaka 1961, ikafunguliwa mlango mwaka 1973, ikakaa ndani miaka 47, tena ikatoka mwaka 2020. Raia waliulizwa mara mbili kama wakae au watoke, na mara ya pili walijibu watoke. Walakini baada ya kura kuhesabiwa, watu wenye akili na elimu waliendelea kushindana miaka mitatu na nusu juu ya maana ya jibu lile. Kura ilikwisha, wala shauri halikwisha. Katika insha hii twataka kueleza hoja za kila upande, kisha tutafute sababu ya ajabu hiyo.

Kwanza yatupasa kujua asili ya umoja wenyewe. Baada ya vita vya 1914 hata 1918, na vile vya 1939 hata 1945, Ulaya ilikuwa imechoka kuzika vijana wake. Mwaka 1950 Robert Schuman, waziri wa mambo ya nchi za nje wa Ufaransa, alitoa shauri kwamba makaa ya mawe na chuma cha Ufaransa na cha Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja. Hivyo ndivyo vitu vya kufanyia silaha; na mataifa mawili yasiyoweza kufua silaha kwa siri hayawezi kushambuliana kwa ghafula. Mwaka 1951 nchi sita zilitia sahihi: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Mwaka 1957, mjini Roma, nchi hizo hizo zilipatana kuondoa ushuru wa forodha baina yao na kutoza ushuru mmoja kwa bidhaa za wageni. Ndivyo ilivyozaliwa Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya.

Basi tangu mwanzo umoja ule ulikuwa na sura mbili. Sura moja ilikuwa ya soko, nayo yahusu kununua na kuuza. Sura ya pili ilikuwa ya utawala, nayo yahusu nani atunge sheria na nani azitii. Mabishano yote yaliyofuata yalitoka hapo. Aliyetazama sura ya kwanza na aliyetazama sura ya pili walitaja jina moja, lakini hawakuwa wakisema habari za kitu kimoja.

Waingereza walikataa kuingia hapo kwanza. Walikuwa bado na makoloni mengi, na biashara yao na nchi za mbali ilikuwa kubwa. Lakini walipoona jirani zao wanaendelea, Waziri Mkuu Harold Macmillan aliomba nafasi mwaka 1961. Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa akawakatalia mwaka 1963, akawakatalia tena mwaka 1967. Alipokwisha kuondoka madarakani, Waziri Mkuu Edward Heath alifaulu, na tarehe 1 Januari 1973 Uingereza iliingia pamoja na Denmark na Ireland.

Haukupita muda, wakaanza kuulizana kama wamefanya vema. Chama cha Labour kiligawanyika vipande viwili, na Waziri Mkuu Harold Wilson aliona heri raia wenyewe waamue. Tarehe 5 Juni 1975 ilipigwa kura ya maoni ya kwanza kuhusu ufalme mzima, na mawaziri wa serikali moja waliruhusiwa kupingana hadharani. Tony Benn, waziri wa mrengo wa kushoto, alisema kwamba sheria zitatungwa na watu ambao raia hawawezi kuwaondoa. Enoch Powell, mtu wa mrengo wa kulia, alisema karibu maneno yale yale. Kwa upande wa kukaa alikuwako Margaret Thatcher, aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa kuongoza chama cha Conservative. Watu 17,378,581 walisema wakae, na 8,470,073 walisema watoke. Yaani karibu 67 katika kila 100 walitaka kukaa.

Lakini nyumba waliyokubali kukaa iliendelea kujengwa. Mwaka 1992, kwa mkataba wa Maastricht, sura ya utawala ilikua: jina likawa Umoja wa Ulaya, raia wa kila nchi akawa pia raia wa Umoja, na ikapangwa fedha moja, ambayo Uingereza ilikataa kuitumia. Mwaka 2004 ziliingia nchi 10 kwa mara moja, nyingi za Ulaya ya Mashariki, na Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi tatu tu zilizowafungulia wafanyakazi wao mlango tangu siku ile. Watu wengi walikuja, hasa kutoka Poland. Wengine waliwapokea kwa furaha, na wengine walinung'unika. Mwaka 2013 Waziri Mkuu David Cameron aliahidi kuwauliza raia tena, na siku ya kuulizwa ikawa tarehe 23 Juni 2016.

Yafaa tuzitaje hoja za kila upande kwa haki, maana hakuna upande uliokuwa wa wapumbavu. Waliotaka kutoka walisema kwamba taifa lisilotunga sheria zake lenyewe si taifa kamili, na ya kuwa mbunge akikosea raia humwondoa, bali wakuu wa Brussels hawaondoleki. Walisema pia kwamba nchi haiwezi kupanga idadi ya wageni ikiwa kila raia wa Umoja ana ruhusa ya kuingia, na kwamba wakiwa nje wataweza kufanya mapatano ya biashara na dunia yote wapendavyo. Tena waliandika ubavuni mwa basi kubwa kwamba Uingereza yapeleka Brussels pauni milioni 350 kila juma. Hesabu hiyo haikuwa sawa, kwa sababu haikuondoa sehemu ambayo Uingereza ilisamehewa tangu 1984; hata mamlaka ya takwimu ya nchi ile ililaumu jambo hilo. Lakini basi lilikwisha kupita mijini, na neno likitoka halirudi.

Waliotaka kukaa walisema kwamba karibu nusu ya bidhaa na huduma ambazo Uingereza huziuza ng'ambo hununuliwa na nchi za Umoja, na ya kuwa si busara kuweka ukuta mbele ya mnunuzi wako mkubwa. Walisema kwamba mwenye kiti barazani husikika, na aliye nje husubiri kuambiwa yaliyokatwa. Walikumbusha vita vya zamani. Lakini kosa lao lilikuwa hili: walisema sana habari za hasara zitakazowapata wakitoka, na kidogo mno habari za uzuri wa kukaa. Mtu akitishwa kila siku, mwisho huacha kusikiliza.

Kura zilipohesabiwa, watu 17,410,742 walikuwa wametaka kutoka, na 16,141,241 walikuwa wametaka kukaa. Ni karibu 52 kwa 48 katika kila 100. England na Wales zilitaka kutoka; Uskoti na Ireland ya Kaskazini zilitaka kukaa. Asubuhi ile Cameron alitangaza kwamba atajiuzulu.

Sasa twafika penye kiini cha mambo. Karatasi ya kura iliuliza swali moja tu: ufalme ukae katika Umoja wa Ulaya, au utoke? Sisi tulio walimu twajua kwamba swali likiwa na maswali mengine ndani yake, hata mwanafunzi hodari hushindwa kulijibu. Kukaa kulikuwa na maana moja, kwa sababu watu walikuwa wakikuona. Kutoka kulikuwa na maana nyingi. Norway haimo katika Umoja, kwa kuwa raia wake walikataa mwaka 1972 na tena mwaka 1994. Lakini imo katika soko lake, yatii sheria nyingi za soko lile na yatoa fedha. Uturuki ina mapatano ya ushuru wa forodha tu. Canada ina mkataba wa biashara. Zote tatu ziko nje, na kila moja iko mahali pake. Aliyepiga kura ya kutoka kwa sababu ya wageni hakutaka mahali pa Norway. Aliyeipiga kwa sababu ya utawala, akitaka soko libaki, pengine alipataka. Kura zao zilihesabiwa pamoja kama kwamba walisema neno moja.

Kulikuwa na mfano ambao wangeweza kuutazama. Kisiwa cha Greenland, kilicho chini ya Denmark, kiliingizwa katika Jumuiya mwaka 1973 ingawa watu wake wengi walikuwa wamekataa. Riziki yao ni samaki, na walichukizwa kuona meli za wageni zikivua katika maji yao. Mwaka 1979 walipata serikali yao ya ndani. Mwaka 1982 walipiga kura, na karibu 53 katika kila 100 walitaka kutoka. Watu wale hawakufika hata 60,000, na shauri lao kubwa lilikuwa moja, lakini mapatano yalichukua miaka mitatu. Walitoka tarehe 1 Februari 1985, maji yao yakiwa chini ya mamlaka yao, samaki wao wakiruhusiwa kuuzwa Ulaya bila ushuru, na meli za Ulaya zikilipa ili zivue. Ikiwa kisiwa chenye shauri moja kilihitaji miaka mitatu, ufalme wenye mashauri elfu ungehitaji mingapi?

Tena palikuwa na jambo zito kuliko biashara. Ireland ya Kaskazini ni sehemu ya ufalme wa Uingereza, na Ireland yenyewe ni nchi huru iliyobaki katika Umoja. Mpaka kati yao una urefu wa karibu kilomita 500, nao hupita katika mashamba na vijiji. Kwa miaka kama 30 watu zaidi ya 3,500 waliuawa katika ugomvi wa upande ule, mpaka yalipofanywa mapatano ya Belfast mwaka 1998. Minara ya askari ikabomolewa, na mtu akaweza kuvuka kwenda sokoni au kanisani pasipo kuulizwa neno. Sasa, ikiwa upande mmoja wa mpaka uko ndani ya soko na wa pili uko nje, bidhaa zitakaguliwa wapi? Zikikaguliwa mpakani, jeraha la zamani laweza kufunguka. Zikikaguliwa baharini, ufalme wajikata vipande wenyewe. Jambo hili halikusemwa sana katika kampeni za mwaka 2016, nalo ndilo lililowakwamisha.

Waziri Mkuu Theresa May alileta mapatano yake Bungeni, yakakataliwa mara tatu mwaka 2019. Mara ya kwanza yalikataliwa kwa kura 432 kwa 202. Tarehe 27 Machi mwaka ule wabunge waliwekewa njia nane wachague, wakazikataa zote nane. Hapo swali ambalo raia hawakuulizwa lilionekana wazi: wengi walikubaliana juu ya mlango, lakini hapakuwa na wengi juu ya njia. Boris Johnson alipomfuata May, alikubali bidhaa zikaguliwe baharini, akashinda uchaguzi wa Desemba 2019, na tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ilitoka. Habari za bahari ile zilisumbua hata baadaye, na mapatano mengine yalihitajika mwaka 2023.

Mtikiso ule ulifika hata kwetu. Maua na mboga za Kenya zilikuwa zikiingia Uingereza bila ushuru kwa njia ya taratibu za Ulaya, na taratibu zile zilikuwa zimalizike tarehe 31 Desemba 2020. Kenya ilitia sahihi mkataba wake na Uingereza tarehe 8 Desemba, zikiwa zimesalia wiki tatu tu. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikulazimika kufanya haraka, kwa kuwa zilihesabiwa miongoni mwa nchi zenye uchumi mdogo, zisizotozwa ushuru. Hivyo mchuma maua wa Naivasha, asiyekuwa na kura London, alikuwa na riziki yake katika shauri lile.

Nasi tu katika umoja. Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977 pasipo raia kuulizwa lo lote, na kugawana mali yake kulikwisha mwaka 1984 tu. Mkataba wa Jumuiya ya sasa, uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, wataja mlango wa kutokea: theluthi mbili za wabunge wote wa nchi wakubali, na taarifa itolewe miezi 12 mbele. Ni sheria ya busara, kwa kuwa yazuia hasira ya siku moja. Lakini nayo yauliza tu kama nchi yataka kutoka.

Hatusemi kwamba Waingereza walikosea kutoka, wala kwamba walifanya vema. Hiyo ni haki yao kuamua. Twasema kwamba kutoka ni maswali mawili, na la pili ndilo kubwa. Wazee walisema, aulizaye njia hapotei. Lakini hawezi kuuliza njia asiyekwisha kusema aendako. Basi siku mtu atakapotuambia, "Tutokeni," tusimtukane, wala tusimshangilie. Tumwulize kwa upole: Twende wapi, kwa njia ipi, na nani kati yetu atakayekaa mpakani?