Choo, Mbolea na Mapinduzi: Funzo la Wakulima wa Vietnam

Wapo makada wanaodhani kuwa choo ni jambo la bwana afya peke yake, na kwamba nadharia ya ujenzi wa ujamaa inahusu mambo makubwa tu kama viwanda, mabenki na ardhi. Mawazo hayo ni makosa. Tangu siku za TANU tumewataja maadui watatu, yaani ujinga, umaskini na maradhi. Adui maradhi haingii kijijini kwa barabara kuu. Huingia kwa mlango wa uani. Makala haya yanaeleza historia ya choo kimoja kidogo ambacho mkulima wa Vietnam alikijenga nyuma ya nyumba yake kuanzia mwaka 1956. Yanaeleza pia kwa nini choo hicho kilifanikiwa na wapi kilipokwama, ili sisi tupate funzo.

Mgongano kati ya mji na shamba

Mkulima anapovuna huondoa rutuba katika udongo. Rutuba hiyo hupita katika chakula, ikapita katika mwili wa mlaji, na sehemu yake kubwa hutoka kwa mkojo na kinyesi. Isiporudi shambani, udongo huchoka. Karl Marx alilitambua jambo hili. Katika kitabu chake cha Capital, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1867, alieleza kuwa ubepari huwakusanya watu mijini na kuvunja mzunguko wa asili kati ya binadamu na ardhi. Katika juzuu ya tatu alitoa mfano wa London, mji ambao ulitumia fedha nyingi kumwaga mtoni Thames uchafu wa watu milioni 4 na nusu, badala ya kuufanya mbolea.

Haikuwa kwamba njia nyingine haikujulikana. Mwaka 1860 mchungaji mmoja wa Dorset nchini Uingereza, Henry Moule, alisajili choo kilichotumia udongo mkavu badala ya maji, na udongo ule ukafaa bustani. Lakini choo cha maji ndicho kilichotawala mijini. Wakoloni walipokuja kwetu walileta choo hicho katika nyumba zao na kukifanya kipimo cha ustaarabu. Mpaka leo kasumba hiyo ingalipo: mtu hujiona hajaendelea mpaka apate choo cha kuvuta maji, hata kama maji yenyewe mke wake anayateka maili mbili.

Hali ya Vietnam kabla ya 1956

Huko Vietnam ya Kaskazini mgongano ulikuwa wa namna nyingine. Katika bonde la Mto Mwekundu watu ni wengi na mashamba ni madogo. Wakulima wa mpunga hawakutupa kinyesi. Walikimwaga shambani kikiwa kibichi, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua mbolea. Hivyo udongo ulipata chakula chake, lakini mkulima aliyesimama miguu mitupu katika tope la mpunga alipata safura, na watoto wake waliokula mboga za bustani hiyo walipata minyoo wa tumbo na kuhara. Mtu alijilisha na kujiambukiza kwa tendo lile lile.

Ushindi wa Dien Bien Phu mwezi Mei 1954 uliuondoa utawala wa Wafaransa, lakini haukuondoa minyoo. Serikali ya Hanoi ilikuwa na njia mbili rahisi, na zote mbili zilikuwa mbaya. Ingeweza kupiga marufuku matumizi ya kinyesi shambani, na hapo ingewaletea wakulima njaa. Au ingeweza kunyamaza, na hapo ingewaachia maradhi. Ilichagua njia ya tatu iliyo ngumu zaidi, yaani kuiua sumu bila kuipoteza mbolea.

Choo chenyewe

Choo kilichoenezwa vijijini kuanzia mwaka 1956 hakikuchimbwa. Kilijengwa chote juu ya ardhi, juu ya sakafu iliyoinuliwa angalau sentimita 10 ili maji ya mvua yasiingie. Juu ya sakafu hiyo vilijengwa kwa matofali vyumba viwili vidogo vilivyopakana, kila kimoja kikiwa na upana na urefu wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 50 hivi. Juu yake palikuwa na pa kuchutama, tundu lenye mfuniko, na mfereji mdogo wa kupeleka mkojo katika mtungi nje.

Familia ilitumia chumba kimoja kwa wakati mmoja. Kabla ya kuanza, waliweka tabaka la udongo mkavu chini. Kila mara mtu alipomaliza haja alimwagia majivu ya jikoni na kufunika tundu. Chumba kilipojaa kiasi cha theluthi mbili, kilijazwa udongo mkavu uliosagika, kikazibwa kwa chokaa au udongo wa mfinyanzi, na familia ikahamia chumba cha pili. Chumba cha pili kilipojaa, cha kwanza kilifunguliwa na mbolea ikapelekwa shambani. Mkojo ulichanganywa na maji na kutumiwa kwenye mboga.

Siri yake ilikuwa ukavu na majivu. Mkojo ukitengwa, harufu hupungua na inzi hawapati pa kuzaliana. Majivu hukausha na hufanya uchafu uwe na ukali ambao vijidudu vingi haviuhimili. Kwa hiyo wataalamu wa leo husema kuwa kazi inayofanyika humo ni ya kukausha zaidi kuliko ya kuozesha, ingawa watu wengi wamekizoea kwa jina la choo cha mboji.

Choo hiki hakikupelekwa peke yake. Kiliunganishwa na kisima na bafu, vikawa kazi tatu za usafi za kila nyumba. Baada ya mwaka 1965, wakati ndege za Marekani zilipokuwa zikiipiga nchi kwa mabomu, kazi hii haikuachwa. Daktari Pham Ngoc Thach, aliyekuwa Waziri wa Afya mpaka alipofariki mwaka 1968, aliongoza siasa ya kutanguliza kinga kuliko tiba.

Mpaka wa mafanikio

Kada mkweli hasimulii ushindi tu. Mwanzoni ilielezwa kuwa miezi miwili ya kuzibwa inatosha. Elimu iliyopatikana baadaye imeonyesha kuwa haitoshi, kwani mayai ya minyoo wa tumbo ni magumu kuliko vijidudu vingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka zaidi ya miezi 6 pale majivu au chokaa yanapotumika vizuri, na zaidi ya mwaka mmoja katika nchi za joto pale yasipotumika. Wizara ya Afya ya Vietnam nayo iliweka miezi 6.

Je, wakulima walitii? Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 2000 katika jimbo la Nghe An, alikozaliwa Ho Chi Minh, ulionyesha kuwa wengi walifungua mapema. Hawakuwa wajinga. Kalenda ya bwana afya ilidai miezi 6, na kalenda ya shamba, yenye misimu hadi mitatu kwa mwaka, ilidai mbolea sasa. Mgongano wa zamani kati ya mbolea na afya ulikuwa haujakwisha. Ulikuwa umehama tu kutoka shambani na kuingia ndani ya choo chenyewe.

Sisi tunajifunza nini?

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio, vitabu na vikundi vya kujisomea, ilishirikisha watu wapatao milioni 2, na vyoo vingi sana vilichimbwa. Hiyo ni fahari yetu. Lakini vilikuwa vyoo vya shimo. Choo cha shimo kinafaa palipo na udongo mgumu na mkavu. Katika pwani ambako maji yako karibu, au penye miamba, shimo hujaa maji au halichimbiki. Tena shimo huizika mbolea. Wakati huo huo Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilikusanya watu, na mashamba ya karibu yakalimwa mfululizo, huku kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza kazi mwaka 1972, kikitegemea malighafi za kigeni.

Majaribio ya vyoo vya mboji yalifanyika nchini katika miaka ya 1970, na mwaka 1978 Uno Winblad wa Sweden na mtaalamu wetu Wen Kilama walitoa kitabu juu ya vyoo visivyotumia maji, ambamo choo cha Vietnam kilielezwa. Kilichodhihirika ni kwamba choo hiki kinadai uangalizi wa kila siku. Maji yakiingia, kinanuka. Kwa hiyo wanaotawadha kwa maji, kama ilivyo pwani, lazima wapewe mahali pa kutawadhia pembeni, maji yaende kwenye kichanja cha migomba. Kusema kwamba watu hawa wana mila mbaya ni uvivu wa fundi.

Kutokana na historia hii tunapata mambo matatu. Kwanza, mkulima hujenga choo kwa moyo pale kinapomtatulia shida anayoijua, na shida hiyo mara nyingi ni shamba kabla ya minyoo. Pili, amri huhesabu vyoo, lakini elimu huhesabu majivu yanayomwagwa kila siku. Tatu, ufundi hauondoi mgongano kama hatuupangi. Familia inayohitaji mbolea kila msimu ijenge vyumba vitatu badala ya viwili, au vikubwa zaidi, ili kimoja kipumzike muda unaotakiwa.

Kada anayetaka kuhubiri haya kijijini aanze kwake. Ajenge choo hicho katika uwanja wake, akitumie yeye na watoto wake, akizibe, asubiri. Siku atakapokifungua mbele ya majirani na kupeleka mbolea kwenye migomba yake mwenyewe, hatakuwa na haja ya hotuba ndefu.